Uzoefu wangu: tovuti ya Roald Dahl iliyomfanya binti yangu aikane Dar ili apate nyota

Nilisema sitaandika kitu mpaka hasira ishuke. Haijashuka, na sasa naona haitashuka, basi naandika hivi hivi.

Ni tovuti ya mashabiki wa Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, ya kulipia, inayojitangaza kuwa ya kufundishia. Jina silitaji. Aliyewahi kuitumia ataijua kwa yule mbweha anayetikisa kichwa mtoto akikosa.

Chanzo cha yote ni kitabu cha mtumba nilichokiokota Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu chini. Going Solo, alichokitoa 1986 akisimulia ujana wake. Binti yangu, miaka 9, alikuwa ameshamaliza Matilda mara mbili, anadai kingine cha "yule mzee". Hiki si cha watoto wadogo, kwa hiyo nilikuwa nakisoma mwenyewe jioni, natafsiri papo kwa papo huku wali umepaliliwa. Tukafika pale kijana anaposhuka kwenye meli. 1938, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, miaka 22, hajui lolote. Bandari ya Dar es Salaam. Binti akanyanyuka kwenye mkeka.

"Mama, Dar hii hii?"

Hii hii, mwanangu.

Kuanzia usiku ule hakuna aliyelala mapema. Kuna yule nyoka mweusi anayemnyemelea Salimu akiwa na reki yake bustanini, na Dahl juu dirishani anampigia kelele kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kuna simba aliyembeba mke wa mpishi mdomoni, kisha akamwachia mzima bila mkwaruzo. Na kuna Mdisho, mtumishi wake. Kitabu kinamwita "Mwanumwezi". Mume wangu alikuwa anapiga pasi shati la kesho, akaacha pasi imesimama: "Huyo ni Mnyamwezi! Huyo ni wetu!" Mimi ni Mzaramo, yeye ni Mnyamwezi wa Sikonge, watani tangu enzi za misafara ya kushuka pwani, kwa hiyo kelele zilizokuwamo ndani ya nyumba ile jioni mnaweza kuzipigia hesabu wenyewe. Dahl anaandika kwamba hao ndio kabila pekee lililowahi kuwashinda Wamasai vitani. Sentensi hiyo nilirudishwa kuisoma mara tatu.

Sisemi kitabu hakina doa. Ni kitabu cha kijana aliyekuja kwa mgongo wa ukoloni, na watu wazima wenye wake zao humo wanaitwa "boi". Mahali pawili patatu niliweka kitabu chini nikamweleza mtoto. Lakini mji wetu umo. Ukoo wa baba yake umo. Mtoto wa Kitanzania ni mara ngapi anafungua kitabu cha mwandishi anayesomwa dunia nzima akakuta kwao?

Ndipo nikailipia ile tovuti. Kadi ni ya mdogo wangu, bando ni langu, kishikwambi ni kile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022.

Na niseme ukweli, siku za mwanzo nilifurahi kupita kiasi. Wana ukurasa wa kile kibanda cha bustanini, kule kijijini Great Missenden, alikokuwa akiandikia. Unaona kiti cha mikono alichokalia, ubao wenye kitambaa cha kijani aliouegemeza juu ya mikono ya kiti, penseli zake za njano. Alianza kila siku na penseli 6 zilizochongwa. Kesho yake nimerudi kazini nakuta kibao changu cha chapati kimezungushiwa kipande cha kanga ya kijani, kimelazwa juu ya mikono ya kochi, na mtoto yuko nyuma yake. Penseli 6 zimepangwa. Maganda ya kuchonga yametapakaa zulia zima. Sikumgombeza. Kama ningeandika maoni yangu wiki ile ningewapa nyota zote tano.

Halafu ikaja chemsha bongo.

Iko hivi: maswali 20 kuhusu maisha yake, unapanda swali kwa swali, kila jibu sahihi nyota moja. Swali la 2 linauliza alizaliwa wapi. Alizaliwa Llandaff, Cardiff, Wales, tarehe 13 Septemba 1916, wazazi wake wakiwa watu wa Norwei. Binti yangu akabonyeza England, akakosa. Kikafunguka kisanduku kirefu kinachoeleza kwa upole kwamba Wales ni nchi yenye lugha yake na watu wake, usiichanganye na England. Sisi kwa Kiswahili kote kule tunapaita Uingereza, mtoto angejuaje? Lakini alikisoma kile kisanduku mpaka mwisho, akasema "kumbe". Nami moyoni nikawapongeza: hawa watu wako makini.

Swali la 6, shule ya Repton na zile boksi za chokoleti ambazo Cadbury waliwapelekea wanafunzi wazionje na kuzitolea maoni. Alilipata.

Swali la 7: Shell walimpeleka kufanya kazi nchi gani? Misri, Nigeria, Kenya, Tanganyika.

Hakusoma hata majibu yote. Kidole kilikwenda moja kwa moja. Na mbweha akatikisa kichwa. Kuna mlio wanaouweka pale, mzito, unaoshuka. Akabonyeza tena Tanganyika, kwa nguvu zaidi, akidhani kioo hakikushika. Mbweha tena, mlio tena. Akanigeukia.

"Mama, kwani Dar ilikuwa Kenya?"

Nikamwambia hapana, wamekosea wao, ruka swali. Huwezi kuruka. La 8 halifunguki mpaka hili lipite. Akakaa kimya kidogo. Akatazama mlangoni, kama anahakikisha baba yake hayupo. Kisha, polepole, akabonyeza Kenya. Nyota ikawaka, makofi yakapigwa, mbweha akapiga sarakasi. Mtoto wangu hakucheka.

Hapo ndipo panaponichoma. Kosa peke yake lisingenikosesha usingizi. Mimi ni mwalimu, nimewahi kuandika ubaoni kitu kisicho sahihi, nikakifuta kesho yake na kuwaomba radhi watoto. Ila mtoto aliyekuwa na jibu, aliyelipata kwenye kitabu cha mwandishi mwenyewe, kufundishwa kwamba ili makofi yapigwe inabidi useme kwenu si kwenu! Na akaelewa somo kwa dakika moja.

Nilijitahidi kuwatendea haki. Nikarudi kitabuni kutafuta wamelitoa wapi. Na kweli, kosa lina mzizi: meli iliyomtoa Uingereza ilimfikisha Mombasa, akabadili chombo cha mwambao kuja Dar. Na kutoka kwake vilevile. Vita vilipoanza Septemba 1939 alipewa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, awaongoze kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa barabara ya kusini kwenda Msumbiji, kisha kabla ya mwaka kwisha akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Kwa hiyo Kenya aliingilia na Kenya alitokea. Lakini nyumba aliyoishi juu ya bahari, malaria iliyomlaza, safari za kwenda kwenye mashamba ya mkonge na migodi kuuza mafuta, Kiswahili alichojifunza, Mdisho, vyote ni vya huku. Mwandishi mwenyewe kaandika! Halihitaji utafiti, linahitaji mtu afungue kitabu.

Nikawaandikia barua pepe. Kwa adabu zote, kwa Kiingereza kilichonyooka, nikataja sura, nikapiga picha ukurasa nikaambatanisha. Nilianza hata kwa kuwashukuru kwa kile kibanda.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja au mbili, mistari minne. Jina langu walilikosea, na hilo nalo nililimeza. Wanashukuru kwa mapenzi yangu. Maswali yameandaliwa na watu wenye uzoefu. Kwa watoto wa umri huu, tofauti hiyo ya Afrika Mashariki haina uzito sana. Na kama swali linamsumbua mtoto, anaweza kuliruka.

Kuliruka! Hawajui hata tovuti yao wenyewe inavyofanya kazi.

Na haina uzito kwa mtoto gani? Wa kwao, sawa, labda. Wangu amezaliwa Temeke. Ukimwambia Dar es Salaam iko Kenya umemwambia kwamba hajui alipo. Watu hawa hawa wametumia kisanduku kizima kumweleza mtoto wangu asiichanganye Wales na England, naye akatii, akajifunza, akasema kumbe. Heshima ile ile, mistari ile ile michache, sisi hatukustahili? Niliwauliza hivyo hivyo kwenye barua ya pili. Sikuweka salamu. Hawakujibu.

Hapa nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na kama ingewezekana ningeweka nusu.

Lakini kuna ukurasa wa Olivia, na dhamiri hainiruhusu niupite. Olivia alikuwa binti yake mkubwa. 1962 alipata surua akiwa na miaka 7. Alionekana anapata nafuu, baba yake amekaa naye kitandani anamfundisha kutengeneza wanyama wadogo kwa vijiti laini vya rangi, akaona vidole vya mtoto havifuati tena anachotaka. Alisema anasikia usingizi. Ndani ya saa 12 alikuwa amefariki, surua imeingia kwenye ubongo. Wakati huo chanjo ilikuwa haijapatikana. Mwaka 1986 Dahl aliandika barua kuwasihi wazazi wawachanje watoto wao, na kitabu cha The BFG kimetabarukiwa kwa Olivia. Tovuti ile imeliandaa somo hili vizuri ajabu, bila kumtisha mtoto, bila kumficha kitu. Wakati wa kampeni ya chanjo ya surua niliwasomea wazazi kwenye kikao cha shule, nikitafsiri. Mama mmoja aliyekuwa akisema sindano zile hazina maana alinifuata mwishoni akaniomba nimrudie pale pa vidole. Nikamrudia. Wiki ile ile alimleta mwanawe.

Sasa mtu aliyeandika ukurasa ule, na mtu aliyenijibu mistari minne, ni watu wa nyumba moja? Mpaka leo sielewi. Kwa ajili ya ukurasa ule nilirudi nikapandisha: nyota tatu. Nikajiambia labda aliyejibu alikuwa kijana wa muda, labda siku yake ilikuwa mbaya.

Kisha, mwezi uliopita kama sikosei, binti akafungua tena ile chemsha bongo. Akaita kwa sauti ambayo niliacha vyombo kwenye beseni. Maswali sasa ni 19. Lile la 7 halipo. Hawakulisahihisha, wamelifuta. Unatoka kwenye chokoleti za Repton unaangukia kwenye ndege iliyoanguka jangwani 1940, kana kwamba mtu yule alilala shuleni akaamkia vitani. Kabadilisha nani na lini hatukuambiwa, wala neno la samahani. Nikatafuta Mdisho kwenye tovuti nzima, nikatafuta Tanganyika, nikatafuta Dar. Hakuna. Kusahihisha kungehitaji neno moja tu, tena lilikuwa tayari pale kwenye orodha ya majibu, la nne kutoka juu. Wakaona rahisi zaidi kututoa.

"Wamemfuta Mdisho," binti alisema. Mdisho hata hakuwamo kwenye swali lile. Lakini nilimwelewa.

Basi nyota mbili. Nikikumbuka yule mama na mwanawe mkono unataka kwenda kwenye ya tatu, nikikumbuka mtoto wangu alivyotazama mlangoni kabla ya kubonyeza Kenya unarudi. Ziwe mbili. Mzazi au mwalimu unayetaka kuitumia, nenda kwenye kibanda, nenda kwa Olivia, utapata kitu cha thamani kweli. Chemsha bongo usimwachie mtoto peke yake, kaa pembeni yake na kitabu mkononi. Na ukiwaandikia barua, usipoteze muda kuwashukuru kwanza.

Kadi inakatwa tena mwezi ujao, mdogo wangu ananiuliza asitishe au aiache iendelee. Sijamjibu.

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari nikakuta daftari la Hisabati la binti limechanganyika na ya wanafunzi wangu. Kurasa za nyuma ameandika chemsha bongo yake mwenyewe, maswali 10, yamepigiwa mistari kwa rula. La kwanza: Mdisho alikuwa kabila gani? Hakuweka majibu manne ya kuchagua. Ameacha mstari mrefu wa kujaza, na baba yake ameshaujaza, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa.