Mama kwenda kulea mjukuu: Ubelgiji au Kanada?

Mama yetu wa Kadutu, hapa Bukavu, ana binti Liège na mwana Montréal, na kote wanangojea mtoto. Aende wapi?

Viza fupi ya Schengen, yaani ya Ubelgiji na nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, inampa siku 90 tu ndani ya siku 180. Wengi huteleza hapa: siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, na kuvuka kwenda Ufaransa hakusimamishi hesabu. Jana tuliketi na kalenda ya ukutani, tukatia alama kwa kalamu nyekundu. Mama akanyamaza, kisha akasema: "Mtoto atakuwa hata hajaketi!" Bima ya afya nayo lazima ifidie angalau euro 30,000.

Kanada humpa mgeni wa kawaida miezi 6, lakini mzazi wa raia au mkaaji wa kudumu anaweza kuomba viza maalumu ya wazazi, hadi miaka 5 kwa kila kuingia. Mzigo ni mzito: mwana aonyeshe kipato, bima ya afya ifidie angalau dola 100,000 za Kanada, mama apimwe afya. Hata hivyo mimi nachagua Kanada. Kulea mjukuu kwa kuhesabu siku kunamuumiza mama.