Kishikio cha kucha nne kwa yakuti samawi: uzoefu wangu na pete ya kito kimoja mkono wa kulia

Kito chenyewe ni yakuti samawi ya umbo la yai: urefu milimita 8, upana 6, kina 4.4, uzito karati 1.7. Kishikio, yaani sehemu ya pete inayobeba kito, kina kucha nne (vijiti vya metali vinavyokunjwa juu ya kito), kiko wazi chini, na kimeungwa kwenye pete nyembamba ya dhahabu isiyo na nakshi wala vito vya pembeni. Naivaa mkono wa kulia, ule unaoandika, unaofungua milango na kubeba mizigo. Nimeridhika nayo, na sababu kubwa ni kwamba kishikio kilitengenezwa kufuata kito, hakikuchaguliwa tu kwenye trei ya vilivyo tayari.

Vishikio vingi vilivyo tayari vimepimwa kwa almasi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukiulizwa kito chako ni cha ukubwa gani, usijibu kwa karati. Karati ni uzito, karati moja ni gramu 0.2, na vito havilingani uzito. Yakuti ni nzito kuliko almasi, kwa hiyo yakuti ya duara ya karati moja huwa na kipenyo cha karibu milimita 6, ilhali almasi ya uzito huohuo hufika 6.5. Zumaridi ni nyepesi kuliko zote mbili, kwa hiyo karati yake moja huonekana kubwa zaidi. Mpe sonara vipimo vitatu kwa milimita: urefu, upana na kina. Tena kipimwe kito chenyewe kwa kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia vitu vidogo), maana vito vya rangi mara nyingi hukatwa kwa mkono na vipimo vya kwenye karatasi huwa vimekadiriwa.

Kina ndicho chenye taabu. Kina cha almasi huwa karibu asilimia 60 ya upana wake. Mkataji wa vito vya rangi huacha tumbo nene ili rangi ikolee na uzito usipotee, hivyo asilimia 70 au zaidi ni jambo la kawaida. Hii yangu ni 73. Almasi ya upana huohuo ingekuwa na kina cha milimita 3.6 hivi, na ile 0.8 inayozidi karibu yote iko chini ya kiuno cha kito, yaani ukingo wake ulio mpana kuliko kote. Ukiilaza yakuti kama hii kwenye kishikio cha almasi, ama ncha ya chini itatokeza na kukwaruza ngozi, ama sonara atalazimika kuipandisha hadi karibu na ncha za kucha, mahali ambapo hakuna metali ya kutosha kukunjia. Kito cha namna hiyo huonekana kimeshikwa vizuri siku ya kwanza, kisha huanza kucheza.

Hesabu ya kishikio hiki ni rahisi. Chini ya kiuno kuna milimita 3.1, kiuno chenyewe 0.2, juu yake 1.1. Ongeza nafasi ya 0.5 kati ya ncha ya chini na kidole, na uso wa kito unakaa milimita 4.9 juu ya ngozi. Kwa mkono wa kulia nisingekubali kuvuka 6, kwa sababu kila milimita inayoongezeka ni kugonga zaidi kwenye vitasa na kingo za meza. Wanaopenda kito kikae juu "ili mwanga uingie" wanajisumbua bure: mwanga mwingi unaorudi machoni huingia kwa juu. Uwazi wa chini una faida nyingine, nayo ni kupitisha brashi. Mafuta na sabuni vikiganda tumboni mwa kito, rangi hufifia haraka sana.

Kucha zina unene wa milimita 1.1. Mkato unaopokea kiuno usizidi theluthi moja ya unene huo. Ukichimbwa nusu, ukucha hukatika palepale. Angalia kwa lenzi ya kukuza mara 10: ncha ya kila ukucha ilalie kito bila mwanya. Jaribio langu ni kupitisha ukanda mwembamba wa karatasi chini ya ncha. Ukiingia, ukucha haujashika, na mwanya huohuo ndio utakaonasa nyuzi za sweta. Kucha sita ni salama zaidi, kwani moja ikivunjika kito bado kinabaki, lakini kwa umbo la yai la 8 kwa 6 hufunika rangi kupita kiasi. Kama kito chako kina ncha kali, mfano wa tone la maji, pale kwenye ncha dai ukucha wa umbo la V, maana ndipo kito humeguka.

Pete ni dhahabu ya manjano ya karati 14 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito), upana milimita 2.2, unene 1.7. Kucha ni za platinamu, ili manjano yasiingie kwenye buluu. Dhahabu nyeupe ingefaa pia, ila ile iliyopakwa rodi (metali nyeupe inayong'aa) hufubaa na kuhitaji kupakwa tena.

Kasoro ipo: pete huzunguka kidoleni, kwa sababu uzito wote uko juu na mwili wake ni mwembamba. Dawa yake ni vijishanga viwili vya dhahabu vinavyolehemiwa ndani, upande wa chini. Kabla ya hapo hakikisha saizi. Mkono unaoutumia zaidi mara nyingi una vidole vinene kidogo kuliko mwingine, kwa hiyo kipimo cha kushoto hakifai. Pima jioni, mikono ikiwa na joto, na pete ipite fundo la kidole kwa kusukumwa kidogo.

Jambo moja la kumwambia sonara kabla ya kulehemu chochote: kito kitolewe kwanza, au atumie leza. Yakuti huvumilia joto, lakini boraksi, unga wa kusaidia kulehemu, ikiigusa ikiwa na moto hula uso wake. Na yakuti iliyojazwa kioo haivumilii hata huo moto.

Kwa tanzanaiti, opali au zumaridi nisingechagua kucha kabisa kwa mkono huu. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), na hupasuka ikigongwa. Zumaridi ni ngumu kiasi, ila nyingi zina nyufa za ndani. Hizo zinataka ukingo wa metali unaozunguka kiuno chote, na zioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi ya mtoto ya meno, kamwe si kwa mvuke wala mashine ya mawimbi ya sauti.