Kliniki ya meno Mtwara mjini: nilichokiona nikiwa na watoto wawili

Kliniki naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa ajili ya foleni, na feni isiyozunguka katika joto hili la Mtwara. Bima waliipokea bila usumbufu.

Nilikwenda na mwanangu wa miaka sita na binti wa dada yangu anayelelewa na bibi yake Mikindani. Bibi ni bibi: kashata asubuhi, ubuyu jioni, na mtoto akigoma kupiga mswaki utasikia "mwacheni mjukuu wangu". Binti alipoona kioo tu akafunga mdomo, akamtazama bibi, na bibi akaanza kumbembeleza kwa ahadi za soda. Daktari akasema kwa adabu, "Bibi, wewe mshike mguu, maneno niachie mimi." Akampa mtoto kioo akishike, akampulizia hewa ya mashine kwenye kucha, ndipo akaipeleka mdomoni. Kila kifaa anakieleza, anakionyesha, kisha anakitumia. Ilichukua muda, lakini gego likazibwa.

Aliyenikaa moyoni ni mtoto wa watu, aliyetulia kuliko wote. Baba yake alikuwa akimnong'oneza, "Ukilia utaniona." Kweli hakulia. Ila pazia lilikuwa wazi, na nilimwona mabega yamempanda hadi masikioni. Daktari alimwambia anyooshe mkono akisikia maumivu, naye ataacha papo hapo. Mkono haukunyooka, macho yalikuwa kwa baba. Watu benchini walimsifu kwa ujasiri. Mimi niliona hofu iliyokatazwa kutoka.

Tuliosoma ualimu tunamkumbuka Diana Baumrind, Mmarekani aliyeyapanga malezi miaka ya 1960: ya mabavu, ya kuachia, na yenye upendo pamoja na mipaka. Chuoni niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Pale nimeyakuta yamepanga foleni. Si kila kitu ni malezi, lakini. Kuna watoto waoga wa kuzaliwa, na aliyewahi kung'olewa jino kabla ganzi haijashika ana haki ya kuogopa.

Mwanangu alilia kwenye sindano. Nyumbani tulimwambia itauma kidogo, kisha mdomo utakuwa mzito, na ikawa hivyo. Akafuta machozi, akafungua mdomo tena. Ninaogombana nao ni wale wa "usipokula nakupeleka ukadungwe sindano". Mnamharibia daktari kazi kabla hamjafika.

La mwisho: gego linaloota nyuma ya meno ya utotoni mtoto akifika kama miaka sita ni la kudumu. Wengi huku wanaliacha lioze wakidhani litang'oka liote jingine. La mwanangu limeanza kuchungulia, na tumepangiwa kurudi likishatoka lote lipakwe dawa ya kuziba vifereji vyake.