Dagaa wa yule mama wa Kibirizi: bei inapanda na kushuka, ila mnamuonea

Naona watu wanamlalamikia sana huyu mama anayeuza dagaa pale Kibirizi, eti mwezi huu kilo bei hii mwezi ujao bei ingine, eti ana tamaa. Mi nasema mnamuonea. Nimenunua kwake kiangazi na masika, na hapa Kigoma mjini sijaona wa kumfikia. Dagaa zake zinakaushwa kwenye chanja sio mchangani, ukitafuna hausikii chenga, zinang'aa, vichwa havijakatika, ukiziunga na mawese na nyanya mbili tatu basi ugali hautoshi. Na hachanganyi, maana wapo wanaochanganya na za Mwanza afu wanakuapia kabisa ni za hapahapa.

Sasa hiyo bei. Jamani ziwa letu la Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 ila samaki wanaishi kwenye kipande cha juu tu. Maji ya juu yanapigwa jua yanakuwa ya moto na mepesi, yanaelea juu ya yale ya chini yenye ubaridi na hayachanganyiki nayo kirahisi, huku kwetu kaskazini ukishuka kama mita 100 hivi oksijeni ndo inaishia hapo. Kila kinachokufa juu kinazama kuozea chini, kwa hiyo rutuba yote inajaa kule gizani na juu kwenye mwanga panabaki pakavu, wakati ile mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, planktoni, inataka vyote viwili, mwanga na rutuba. Ikikosa, vidudu vinavyoila vinapungua, dagaa wanaokula vidudu wanapungua, na migebuka wanaokula dagaa nao hivyohivyo.

Kinachotuokoa ni upepo. Mei mpaka Septemba upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu kuja huku kwetu, na kule Mpulungu, Zambia, maji ya chini yanapanda na rutuba yake. Upepo ukikatika yale matabaka yaliyokuwa yameinama yanaanza kwenda na kurudi kama maji kwenye karai ulilolitikisa, ila taratibu mno, kwenda na kurudi mara moja kunakula wiki tatu hadi nne, ndo maana kuelekea Septemba na Oktoba na sisi wa kaskazini tunapata mgao wetu. Baharini ni kanuni hiyohiyo, pwani ya Peru wanavua samaki wadogo kwa wingi wa ajabu kwa sababu upepo unawapandishia maji baridi yenye rutuba.

Hapo sijagusa mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mzigo unakata, bei inapanda. Ukimuuliza mama anakwambia wazi, "mwanangu kama huna haraka subiri giza lirudi." Muuzaji gani mwingine anakwambia usinunue leo? Na 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu kuanzia Mei 15 alikuwa anasema kabisa huu ni mzigo wa zamani.

Kinachoniuma ni kwamba ziwa linazidi kupata joto, na maji ya juu yakizidi moto yanakuwa magumu zaidi kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliotoka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria uzalishaji wa planktoni umeshuka kama asilimia 20, na samaki huenda kama asilimia 30. Uvuvi uliozidi nao upo, sikatai, ila tukimrushia lawama mama wa mezani tunakuwa hatujaelewa kitu.

Kasoro yake ni mifuko. Ni milaini, ukisafirisha kwa treni hadi Tabora au Dar inapasuka, na haandiki tarehe ya kukausha. Mama kama unasoma hapa au wanao wanasoma, tafuteni mifuko mizito na kalamu ya wino, andikeni tarehe na kama mzigo ni wa kiangazi au wa masika, mi nitaongeza hela kwa hilo na najua wengi wa Dar wataongeza.