Gauni la bibi harusi anayepiga magoti: tathmini ya karakana moja ya Kinondoni

Jaribio la kwanza la gauni la mdogo wangu halikuanzia mbele ya kioo. Fundi alitandika mkeka katikati ya chumba, akamwambia, "Haya, piga magoti kama unayemlisha mama mkwe keki." Mdogo wangu alicheka kwanza, kisha akajaribu, na mshono wa pajani ukalia kabla magoti hayajagusa mkeka. Fundi hakushtuka hata kidogo. Alichukua penseli, akachora mstari mfupi upana wa kiganja juu ya goti, akaandika pembeni yake neno "magoti", kisha akamwomba ainuke, akae kwenye kiti cha plastiki na anyanyue mikono yote miwili kama mtu anayecheza. Nimesindikiza mabibi harusi wengi katika jiji hili, lakini sijapata kumwona mshonaji aliyeanzia hapo, na kwa sababu hiyo nimeona inafaa niieleze karakana hii kwa urefu.

Iko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani Kinondoni, katika mtaa wa ndani usio mbali na Barabara ya Kawawa. Haina bango, na wateja huelekezana kwa simu. Ndani kuna vyumba viwili, cherehani mbili za umeme, moja ya miguu ambayo huokoa kazi umeme unapokatika, mashine ya ovaloki, meza ndefu ya kukatia, na wasichana wawili wanaofanya kazi ya mkono chini ya usimamizi wa mwenye karakana. Ukutani pametundikwa kalenda kubwa yenye majina ya wateja, na kila mwezi una nafasi nne tu. Nafasi zikijaa, mteja anayekuja baadaye huambiwa wazi kwamba mwezi huo hauwezekani, hata awe na fedha mkononi.

Kalenda hiyo ndiyo iliyonifanya nimshauri mdogo wangu aweke malipo ya awali siku ileile. Mwaka 2013, nilipoolewa mimi, fundi mmoja ambaye sitamtaja alipokea gauni langu akiwa tayari na kazi nyingi kuliko mikono yake. Ibada ilikuwa saa nne asubuhi. Gauni nililetewa saa mbili, pindo likiwa limeshikwa kwa pini na bitana haijafungwa. Zipu ilipasuka tukiwa tunaingia ukumbini, na shangazi yangu akanishonea mgongoni kwa uzi mweupe nikiwa nimesimama nyuma ya pazia. Usiku ule nilivuliwa gauni kwa mkasi. Fundi yule hakukosa ujuzi, kwani mikono ya gauni lile aliishona vizuri sana. Alichokosa ni ujasiri wa kumwambia mteja kwamba nafasi hakuna, na ninaamini hilo ni kosa la uendeshaji kabla halijawa kosa la ushonaji.

Katika karakana hii, hakuna mkasi unaogusa kitambaa cha gharama kabla gauni zima halijashonwa kwanza kwa merikani. Wazee wetu walikiita jina hilo kwa sababu kitambaa hicho cha pamba kisichopaushwa kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, na hadi leo mafundi wanakipenda kwa kuwa ni cha bei nafuu, hakiteleziki, na hukubali penseli. Gauni la merikani halina lesi wala shanga, kwa hiyo halina pa kuficha kasoro. Mdogo wangu alipolivaa, tuliona sote kwamba bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia, jambo ambalo mama yetu aliyemzaa hakuwahi kuliona kwa miaka 27. Fundi alirekebisha upande mmoja tu wa paterni, yaani kiolezo cha kukatia, na katika gauni lenyewe hakuna aliyeweza kujua.

Mdogo wangu alikuwa ameshikilia mkato wa samaki, yaani gauni linalobana kuanzia kifuani hadi chini ya magoti ndipo linafunguka. Ni mkato unaopendeza sana kwenye picha. Tatizo ni kwamba harusi zetu hazimwachi bibi harusi asimame tu: huingia ukumbini akicheza, hupiga magoti akiwalisha keki wazazi wa pande zote mbili, huinama kuwasalimu wazee wanaofuatana na zawadi, na kabla ya hapo amekwisha kupanda na kushuka kwenye gari mara kadhaa huku matarumbeta yakilia mbele ya msafara. Fundi hakumkatalia. Alipandisha mahali pa kufungukia kutoka chini ya goti hadi kwenye ule mstari wa penseli, akaongeza vipande sita vya pembetatu kwenye mishono ya sketi, vikianzia vyembamba na kupanuka kuelekea chini. Mtu akisimama, vipande hivyo hujilaza na umbo la samaki hubaki palepale. Akipiga magoti, hufunguka na kumpa nafasi. Ni hesabu ndogo, lakini ni hesabu ambayo lazima ifanywe kabla ya kukata.

Vitambaa tulikwenda kuvinunua Kariakoo tukiwa pamoja naye, na asubuhi ile peke yake ilitosha kunifundisha mengi. Katika duka moja tulionyeshwa satini nzito iliyong'aa vizuri, muuzaji akituhakikishia kwamba ni hariri. Fundi aliomba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo, akatoka nao nje, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Hariri halisi hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole, akatueleza bila kumdhalilisha muuzaji, kisha akarudi ndani na kujadiliana bei ya polista, kwa sababu kitambaa chenyewe hakikuwa kibaya na kwa sketi kilifaa. Lesi alituambia tuongeze nusu mita juu ya hesabu, kwani ikipungua katikati ya kazi, jora jingine linaweza kuwa na weupe tofauti hata kama maua yake ni yaleyale. Kila risiti aliikabidhi mkononi mwa mama papo hapo.

Weupe wenyewe ulizua mjadala. Mama alitaka nyeupe pee. Fundi alimjibu kwa adabu, "Mama, nitashona utakavyo, ila naomba kwanza tuviangalie juani." Alivipeleka vipande viwili kwenye veranda, akaviweka kimoja baada ya kingine kwenye shingo ya mdogo wangu, kisha akavirudisha ndani na kuwasha taa nyeupe inayofanana na zile za kumbi nyingi. Ile nyeupe pee iligeuka kuwa na ubluu; ile ya rangi ya maziwa iliutoa uso wake ukang'aa. Mama alitazama kwa muda mrefu akasema, "Basi, mwanangu, hiyo ya maziwa." Ningependa familia nyingine zijue kwamba weupe wa gauni si amri ya kanisa: ulienea zaidi huko Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa mwaka 1840 akiwa amevaa satini nyeupe yenye lesi, na kabla yake mabibi harusi wengi walivaa rangi yoyote iliyokuwa nzuri kabatini mwao.

Kazi ya ndani ya gauni ndiyo inayonifanya niseme bila kusita kwamba huyu ni fundi wa daraja la juu. Alikataa bitana ya polista upande unaogusa ngozi, akaweka ya pamba nyepesi, kwa kuwa joto la Dar es Salaam pamoja na unyevunyevu wake hufanya nguo isiyopumua igande mwilini kabla misa haijafika katikati. Kiunoni, ndani kabisa, alishona mkanda imara unaofungwa kwa vifungo vya chuma kabla zipu haijapandishwa, ili uzito wote wa sketi uning'inie kiunoni badala ya kuvuta kifua chini. Ndiyo maana mdogo wangu hakuwa na ile tabia inayowasumbua mabibi harusi wengi, ya kushika gauni kifuani na kulipandisha kila baada ya dakika tano. Kwenye mishono ya ubavuni, maua ya lesi yalikatwa mojamoja na kupandikizwa kwa mkono juu ya mshono, hivyo ua huanzia upande mmoja na kuishia wa pili, na jicho halioni mahali vitambaa vilipokutana. Nilimkuta mmoja wa wale wasichana akifanya kazi hiyo, amekunja miguu juu ya mkeka safi, kila ua akilizungushia mishono midogo ambayo sikuweza kuihesabu bila kuinama.

Mkia wa gauni una tanzi saba kwa chini na vifungo saba vidogo nyuma ya kiuno. Msimamizi wa bibi harusi alifundishwa kuufunga mkia juu wakati wa kuingia ukumbini, na fundi alimtaka arudie mara tatu mbele yake mpaka akaridhika.

Gharama nitaitaja wazi, kwa kuwa tathmini isiyotaja bei humsaidia mtu kidogo. Ufundi tulilipa shilingi 1,100,000, na vitambaa, lesi, shanga na vifungo vilitugharimu shilingi 640,000 tulizolipa wenyewe madukani. Nusu ya ufundi hulipwa siku ya vipimo, sehemu inayofuata baada ya jaribio la pili, na iliyobaki siku ya kuchukua gauni. Kwa familia nyingi hizo ni fedha nyingi, hasa michango ya kamati ikiwa bado inasuasua, na kukodi shela ni uamuzi wenye busara ambao siwezi kumlaumu mtu kwa kuuchukua. Anayeamua kushonesha, hata hivyo, hapa ataona fedha yake imekwenda wapi.

Zipo kasoro, na baadhi si ndogo. Ngazi ni nyembamba na zenye giza, na mama mwenye magoti mabovu alizipanda kwa tabu mara zote tatu. Chumba cha kubadilishia nguo ni kona iliyofungwa kwa pazia, wakati jirani yake wateja wengine wanasubiri. Binti anayevuliwa nguo mbele ya watu asiowafahamu anastahili mlango. Simu haipokelewi wakati wa kukata. Naelewa sababu, lakini jaribio letu la pili liliahirishwa kwa siku nane na habari ilitufikia jioni ya kuamkia siku yenyewe, huku mdogo wangu akiwa ameshaomba ruhusa kazini.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kukata hufanywa na mtu mmoja tu. Wasichana wake wanashona vizuri sana, lakini paterni zote ziko kichwani na mikononi mwa mwenye karakana. Makubaliano tuliyosaini yanaeleza vizuri malipo, tarehe, na kwamba mteja akinenepa au kupungua baada ya jaribio la mwisho marekebisho yatalipiwa. Hayaelezi lolote kuhusu kitakachotokea fundi akiugua wiki mbili kabla ya harusi. Nilimwambia ana kwa ana. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hakuwahi kuliandika, na akasema ataongeza kifungu cha kurudisha fedha na ameanza kumfundisha msichana mmoja kukata. Nawashauri wateja wapya waombe kifungu hicho kabla ya kusaini.

Siku ya harusi, mwezi Septemba, gauni lilikuwa nyumbani tangu Jumatano, limepigwa pasi na limetundikwa. Niliketi meza ya tatu kutoka jukwaani, na sitaficha kwamba muda wa keki ulipofika nilikuwa nimeshika kiti. Mdogo wangu alichukua kipande, akatembea hadi kwa mama mkwe wake, akashuka taratibu mpaka magoti yote mawili yakatua kwenye zulia, mgongo ukiwa umenyooka. Vile vipande vya pembetatu vilifunguka kumzunguka kama ua. Alirudia kwa baba mkwe, kwa mama yetu, kwa baba, kisha kwa bibi yetu aliyeketi chini kabisa, na kila mara aliinuka mwenyewe bila kushikwa mkono.

Anayetaka huduma hii aende miezi mitano kabla. Nafasi za kuanzia Juni hadi Septemba na zile za Desemba hujaa mapema. Kwa familia za Kiislamu, Shaabani na Mfungo Mosi nazo huwahi kujaa. Karakana haishoni nguo za wapambe, na hilo husemwa tangu mwanzo.

Wiki moja baada ya harusi tulirudisha gauni kwa ajili ya kusafishwa pindo, ambalo lilikuwa limebeba mchanga wa ufukweni tulipokwenda kupiga picha. Tulipolichukua, halikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu na kukiachia kitambaa madoa ya manjano. Fundi alikuwa amelifumua lile gauni la majaribio, akalifua, na kushona mfuko mrefu wa kuhifadhia. Limetundikwa sasa kabatini kwa mama, ndani ya merikani, na ukisogeza mlango mwanga ukaingia unaweza bado kulisoma, limefifia lakini lipo, lile neno la penseli.