Fort Jesus na Mji wa Kale: ninakomwanzishia mgeni Mombasa

Mgeni akitaka kuiona Mombasa kwa siku moja, mimi humwanzisha Fort Jesus, na humpeleka asubuhi. Tatizo la wenyeji wengi ni kutoka nyumbani jua likiwa utosini. Uwanja wa ndani ya ngome hauna kivuli cha maana, kuta za matumbawe zinarudisha joto usoni, na mgeni anaishia kutafuta maji badala ya kutazama. Milango hufunguliwa saa mbili. Fika saa hiyohiyo, kabla ya mabasi ya shule.

Kiingilio kina viwango: raia, mkazi, na asiye mkazi ambaye hulipa zaidi. Raia asiache kitambulisho nyumbani. Simu iwe na chaji na pesa ndani, maana malipo ni ya simu. Ukitaka mtembezaji, patana naye kabla ya hatua ya kwanza, na umuulize wazi: bei hii ni ya ngome peke yake au pamoja na Mji wa Kale? Ugomvi mwingi pale mlangoni huanzia hapo.

Tenga saa mbili nzima. Watu hupiga picha kwenye mizinga wakaondoka, nami naona huko ni kupoteza kiingilio. Ngome hii ya Wareno ilijengwa 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, lakini utamu wake uko kwenye mzingiro wa 1696 hadi 1698, Waomani wakiwa nje, njaa na maradhi vikiwamaliza waliokuwa ndani. Kwa hiyo anza na chumba cha makumbusho. Humo mna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ikazama pale pale chini ya ngome mwaka 1697. Mgeni akishaviona, kuta anazitazama kwa jicho jingine. Usikose michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na samaki waliochorwa ukutani kama mtoto aliyeokota mkaa. Malizia Nyumba ya Waomani, kwenye buruji la São Filipe, upepo wa bahari ukupige kidogo.

Ukitoka, shika Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, kwa miguu. Tazama milango ya kuchongwa na roshani za mbao, kisha mnara wa msikiti wa Mandhry, ambao umbo lake la pia hulioni kwenye misikiti ya siku hizi. Mabega na magoti yafunikwe, na picha ya mtu iombwe. Ijumaa adhuhuri usiende: maduka mengi hufungwa na vichochoro hujaa waumini. Viatu viwe vya kushika, mawe yamelainika kwa kukanyagwa.

Mchana mrudishe mgeni akapumzike. Saa kumi na moja jioni chukua tuktuk hadi ufukweni Mama Ngina, mkae chini ya mibuyu, meli za bandari ya Kilindini zipite mbele yenu. Mihogo na dafu viko hapo hapo. Mgeni asiyezoea pilipili aagize iwekwe kando, kwa sababu muuzaji huimwaga pamoja na ndimu kabla hujasema neno. Jumapili pamefurika na usafiri wa kurudi ni wa kugombania, kwa hiyo mimi huchagua Jumanne au Jumatano.