Huduma ya Kusoma Picha za Kale: "Binti Aliyekufa" Alikuwa Hai

Katika ukoo wa mke wangu, ambao umeishi Pennsylvania kwa vizazi kadhaa, kuna picha ndogo iliyopigwa juu ya bamba la chuma, inayoitwa na wote "picha ya binti aliyekufa". Mtoto amesimama, macho yake ni meupe kama hayana mboni, na nyuma ya viatu vyake unaonekana mguu wa stendi ya chuma ambayo, kwa maelezo ya mama mkwe, ndiyo iliyoushikilia mwili usianguke. Mwezi Machi niliituma skani yake kwa huduma moja ya mtandaoni inayosoma picha za aina hii kwa dola 45.

Ripoti ya kurasa nne iliibomoa hadithi yetu karibu yote, tena kwa hoja. Stendi ile ilikuwa kifaa cha kawaida katika studio za karne ya 19. Ilitegemeza kichwa cha mtu aliye hai ili asitikisike katika zile sekunde ambazo bamba lilikuwa likipokea mwanga. Haikuweza kubeba uzito wa mwili uliolegea, na ndiyo maana marehemu wa wakati ule kwa kawaida walipigwa picha wakiwa wamelazwa kitandani, wamo jenezani, au, kama ni watoto wachanga, wamepakatwa na mzazi. Macho nayo yana sababu yake: dawa iliyopakwa kwenye bamba iliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, hivyo macho ya buluu yalitoka karibu meupe. Kisha wakakuza sehemu ambayo sisi tuliitazama miaka yote bila kuiona. Vidole vya mkono mmoja vina ukungu, kwa sababu mtoto alivichezesha.

Wala huenda hakuwa binti. Nywele zimegawanywa upande, kama ilivyokuwa desturi kwa wavulana, ilhali za wasichana ziligawanywa katikati. Gauni halithibitishi lolote, kwani wavulana wadogo wa enzi hizo nao walivaa magauni. Hilo "huenda" ni lao, na nililipenda.

Kasoro kubwa ni kwamba fomu yao inaomba upande wa mbele pekee. Waliikadiria picha kuwa ya miaka ya 1870, kumbe nyuma ya karatasi inayoizingira kumebandikwa stempu ya ushuru ya senti 2, na Marekani ilitoza ushuru huo kwa picha kuanzia Agosti 1864 hadi Agosti 1866 tu. Nilipowatumia upande wa nyuma walirekebisha bila malipo, ila ilichukua siku 19. Kwa watu wanaoishi kwa kazi hii, kutouliza nyuma ya picha kuna nini ni uzembe.

Picha yetu ya pili, ya mtoto mchanga aliyefumba macho mapajani mwa mama yake, waliirudisha bila hukumu, wakieleza kwamba mtoto aliyelala usingizi ndiye aliyekuwa rahisi zaidi kupigwa picha, na kwamba pasipo maandishi wala maua ya msiba hawawezi kusema zaidi. Ni jibu la haki, ingawa kulilipia dola 45 nyingine kuliniuma.

Mama mkwe ameisoma ripoti mara mbili, na bado anasema "binti".